Jina la Nafasi na Jina la Lebo: Historia Fupi ya Namna Linux Inavyoutafuta Mzizi Wake

Utangulizi

Kurasa kama hizi hujadili sana majina: majina ya watu, majina ya mahali, na istilahi ambazo taaluma mpya zinatudai kila mwaka. Safari hii tumeamua kuzungumzia majina ambayo watu wengi hawayasomi kabisa, nayo ni majina ambayo kompyuta yenye mfumo wa Linux huyatumia kuitambua diski yake kila inapowashwa. Huenda mwalimu wa fasihi akajiuliza jambo hilo linamhusu nini. Jibu letu ni kwamba linamhusu kwa njia mbili. Kwanza, karibu kazi zetu zote, yaani insha za wanafunzi, alama, rekodi za masimulizi na miswada ya vitabu, zimo ndani ya diski, na jina likikosewa kazi hizo huweza kupotea zisionekane tena. Pili, tatizo lenyewe ni la kiisimu kabla ya kuwa la kiufundi. Je, kitu kiitwe kwa mahali kilipo, au kiitwe kwa jina ambalo chenyewe kinalibeba?

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba historia ya Linux tangu mwaka 1991 ni historia ya kuhama polepole kutoka jibu la kwanza kwenda jibu la pili, na kwamba kila jibu lina gharama yake. Ili tusipotee katika waya na vyuma, tutaanzia mahali halisi ambapo swali hilo hilo la majina limewahi kujitokeza. Mahali hapo ni Cyanzarwe, kaskazini-magharibi mwa Rwanda.

Mfano wa Cyanzarwe

Cyanzarwe ni umurenge, yaani ngazi ya utawala iliyo chini ya wilaya. Ni mmoja kati ya imirenge 12 inayounda Wilaya ya Rubavu, na unapakana na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, si mbali na mji wa Gisenyi. Msomaji wa Kiswahili asibabaishwe na tahajia: herufi cy za Kinyarwanda hukaribia sauti yetu ya ch. Ushahidi ni maneno ndugu kama icyumba, ambacho ni chumba, icyuma, ambacho ni chuma, na icyayi, ambayo ni chai.

Hadi mwisho wa mwaka 2005 sehemu hii ya nchi ilikuwa katika Mkoa wa Gisenyi. Januari 2006 Rwanda ilipanga upya utawala wake kulingana na sera ya ugatuzi wa madaraka. Mikoa ikawa minne pamoja na Jiji la Kigali, wilaya zikawa 30, na imirenge ikawa 416. Mkoa wa Gisenyi ukaondoka katika orodha, na mahali pake pakaingia anwani mpya: Mkoa wa Magharibi, Wilaya ya Rubavu. Vivyo hivyo Ruhengeri ikaitwa Musanze, Butare ikaitwa Huye, Gitarama ikaitwa Muhanga na Cyangugu ikaitwa Rusizi. Vilima havikuhama hata hatua moja. Kilichohama ni anwani.

Tuyatazame majina hayo kwa jicho la mwanaisimu. "Magharibi" ni jina la nafasi, na lina maana tu ukijua limepimwa kutoka wapi. Mtu akisimama Goma, ng'ambo ya mpaka, eneo hilo hilo linaloitwa Magharibi liko mashariki kwake. "Cyanzarwe" si jina la namna hiyo. Halisemi kama mahali hapo ni pa kwanza au pa tisa, wala kama pako kulia au kushoto kwa msemaji. Ni jina linalokaa na mahali penyewe.

Hata hivyo, majina ya namna hii ya pili nayo yana udhaifu. Rubavu ni jina la wilaya, na papo hapo ni jina la umurenge mmoja ndani ya wilaya hiyo. Gisenyi, lililokuwa jina la mkoa, limebaki kuwa jina la mji na la umurenge. Anayesema "naenda Rubavu" hana budi kuongeza neno ili aeleweke. Basi tunapata mambo matatu ya kukumbuka: jina la nafasi hubadilika mambo yanapopangwa upya, jina la kitu chenyewe hudumu, lakini majina ya vitu huweza kugongana. Tukiyashika haya matatu, yote yatakayofuata yataeleweka bila taabu.

Enzi ya waya: hda na wenzake

Linux ilizaliwa mwaka 1991, pale Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alipotoa kiini cha mfumo alichokiandika kwa kompyuta yake mwenyewe. Kiini hicho, ambacho wataalamu hukiita kerneli, kilifuata desturi ya Unix ya kukichukulia kila kifaa kama faili. Diski nazo zikapewa majina katika saraka iitwayo /dev. Diski ya kwanza ya aina ya IDE iliitwa hda, na fungu lake la kwanza likaitwa hda1.

Hapa tusimame kidogo kwenye istilahi. Diski moja huweza kugawanywa sehemu kadhaa, na kila sehemu ikatumika kana kwamba ni diski ya peke yake. Anayetafsiri kwa kufuata kamusi tu huenda akachagua neno "kizigeu". Sisi tunaona neno hilo linapotosha, kwa sababu kizigeu ni ule ukuta mwepesi unaogawa chumba, ilhali tunachokitaja hapa ni sehemu inayopatikana baada ya kugawa. Kwa hiyo katika makala haya tutasema "fungu la diski".

Jina kama hda1 linachambulika kama neno lenye viambishi. Herufi mbili za mwanzo zinataja aina ya diski, herufi ya tatu inataja zamu yake, na tarakimu inataja fungu. Kompyuta nyingi za miaka ile zilikuwa na njia mbili za waya za IDE, na kila waya ulibeba vifaa viwili. Kifaa cha kwanza cha waya wa kwanza kiliitwa hda, cha pili hdb. Cha kwanza cha waya wa pili kiliitwa hdc, cha pili hdd. Yaani jina halikueleza diski ni ipi, bali lilieleza imechomekwa wapi. Fundi akiitoa diski kwenye waya wa kwanza na kuichomeka kwenye waya wa pili, hda imegeuka hdc, ingawa hakuna herufi hata moja iliyobadilika katika yaliyoandikwa ndani yake.

Diski za aina ya SCSI ziliitwa sda, sdb na kuendelea, na mambo yake yalikuwa magumu zaidi. Hizo hazikuitwa kwa mahali zilipochomekwa, bali kwa zamu ya kuonekana: diski iliyoonwa kwanza iliitwa sda, iliyofuata sdb. Ukiongeza diski mpya na ikaonwa mapema, zilizokuwapo zote husogea herufi moja. Ni sawa na mwalimu anayewaita wanafunzi "wa kwanza, wa pili, wa tatu" kufuatana na viti walivyokalia. Akiingia mwanafunzi mpya na kuketi mbele, darasa zima limebadilishwa majina.

Sasa tatizo linaanzia wapi? Linaanzia kwenye mzizi. Katika Linux, saraka zote hukua kutoka saraka moja inayoandikwa kwa mkwaju, yaani /, nayo huitwa mzizi. Walimu wa mofolojia watalipenda neno hili, kwa kuwa kama vile kitenzi kisivyosimama bila mzizi wake, ndivyo mfumo usivyoweza kuanza bila kuupata wa kwake. Kiini kikishapakiwa kwenye kumbukumbu, swali lake kubwa ni moja: mzizi uko katika fungu lipi?

Zamani jibu liliandikwa kama namba. Kiini kilihifadhi namba ya kifaa, kwa mfano 301, ikimaanisha kifaa cha aina ya 3, namba 1, ndiyo hda1. Programu ya kuanzishia iliyotumika kwa miaka mingi, LILO, iliyoandikwa na Werner Almesberger kuanzia 1992, ilimwezesha mtumiaji kuandika root=/dev/hda1, kisha yenyewe ikaigeuza kuwa namba. Maadamu diski ilibaki mahali pake, hakukuwa na shida. Diski ikihamishwa, kiini kilikwenda kwenye anwani ya zamani, kikakuta hapana mtu, kikasimama. Skrini ilionyesha ujumbe wa kushindwa kuupachika mzizi, na kazi ikaishia hapo.

Lebo yaingia

Suluhisho lilikuwa limeshalala ndani ya diski zenyewe. Mfumo wa faili wa ext2, ulioandikwa na Rémy Card mwaka 1993 na kutumiwa na Linux karibu zote za muongo ule, una ukurasa wa maelezo karibu na mwanzo wa kila fungu. Katika muundo wa ukurasa huo palitengwa nafasi mbili za utambulisho. Ya kwanza ni lebo, jina fupi lisilozidi herufi 16, ambalo mwenye diski hulichagua mwenyewe. Ya pili ni kitambulisho kirefu kiitwacho UUID, ambacho kompyuta hukitunga yenyewe fungu linapoandaliwa.

Tofauti na hda1, lebo haikai kwenye waya wala kwenye zamu. Inakaa ndani ya fungu na kusafiri nalo. Ihamishe diski kutoka kompyuta moja hadi nyingine, lebo imekwenda nayo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Red Hat, mojawapo ya Linux zilizokuwa zikitumika sana, ilianza kuandika lebo badala ya majina ya vifaa katika faili la /etc/fstab, ambalo ndilo daftari la mafungu yatakayopachikwa. Badala ya mstari unaoanza kwa /dev/hda3, daftari likawa na mstari wa namna hii:

LABEL=KAZI /home ext3 defaults 1 2

Maana yake kwa Kiswahili cha kawaida ni: "Litafute fungu linalojiita KAZI, popote lilipo, ulipachike kwenye /home." Kompyuta hupita kwenye kila fungu, husoma ukurasa wake wa maelezo, na kuuliza, kana kwamba inabisha hodi, "Hapa ni kwa nani?" Likijibu KAZI, ndilo.

Lakini kuna kikwazo kimoja ambacho wasomaji wengi wa miongozo hukipita haraka. Kiini cha Linux chenyewe hakijui kusoma lebo. Kikiambiwa root=/dev/hda1 kinaelewa; kikiambiwa root=LABEL=MZIZI kinahitaji msaidizi. Na programu inayoweza kusaidia imo ndani ya diski ile ile inayotafutwa. Ni sawa na ufunguo uliofungiwa ndani ya nyumba. Fumbo hili lilifumbuliwa kwa kutumia kifurushi kidogo kiitwacho initrd, na baadaye initramfs, ambacho programu ya kuanzishia hukipakia kwenye kumbukumbu pamoja na kiini. Ndani ya kifurushi mna programu chache za lazima. Hizo ndizo zinazobisha hodi kwenye mafungu, zikaupata mzizi wenye lebo iliyotajwa, kisha zikaukabidhi mfumo wenyewe. Kwa hiyo anayeondoa initramfs kwa kudhani ni mzigo usio na faida, huku ameutaja mzizi wake kwa lebo, ajue amemfukuza mkalimani.

Majina yagongana

Tulikwisha kuonya kwamba majina ya vitu huweza kugongana, na Red Hat ilikutana na jambo hilo. Programu yake ya kusakinisha ilizoea kuupa mzizi wa kila kompyuta lebo ile ile, yaani mkwaju /. Katika kompyuta moja yenye diski moja, hapakuwa na neno. Lakini fundi akiichukua diski ya kompyuta iliyoharibika na kuichomeka ndani ya kompyuta nzima ili aokoe mafaili, sasa kulikuwa na mafungu mawili, yote yakijiita /. Kompyuta iliweza kuamka kwa mzizi usio wake. Ndiyo Rubavu mbili tulizozitaja: jina moja, mahali pawili, na msafiri asijue ashuke wapi.

Jibu la mgongano huu lilikuwa kile kitambulisho cha pili, UUID. Hicho kina biti 128, nacho huandikwa kwa alama 32 zilizotenganishwa kwa vistari vinne. Kwa kuwa kompyuta hukitunga kwa kubahatisha kati ya namba zisizohesabika, uwezekano wa mafungu mawili kupata UUID moja ni mdogo mno kiasi cha kutohesabiwa. Kwa Mnyarwanda tunaweza kukifananisha na namba ya kitambulisho cha taifa yenye tarakimu 16. Wanaoitwa Uwimana ni wengi, lakini namba ya kila mmoja ni ya peke yake.

Ubuntu, Linux iliyotoka mara ya kwanza Oktoba 2004 na ambayo jina lake ni ndugu wa neno letu "utu", iliingiza UUID katika toleo lake la 6.10 la Oktoba 2006. Sadfa ni kwamba huo ndio mwaka ule ule Gisenyi ilipokoma kuwa mkoa.

Tusisahau gharama. UUID haisomeki wala haisemeki. Hakuna mwalimu atakayemwambia mwenzake kwa simu, "Fungua lile fungu la 3f9c…" mpaka mwisho bila kukosea. Aidha, UUID si ya milele. Fungu likiandaliwa upya hupata UUID mpya, na daftari la fstab lisiporekebishwa litatafuta marehemu. Na diski ikinakiliwa nzima nzima, nakala huchukua UUID pamoja na lebo, na hapo tunakuwa na pacha wawili wenye kitambulisho kimoja.

Mwaka ambao hda ilitoweka

Kama kuna wakati ambapo majina ya nafasi yalidhihirisha udhaifu wake mbele ya wote, ni kati ya mwisho wa 2006 na mwaka 2007. Watunzaji wa kiini cha Linux walikuwa wameandika upya sehemu inayoziendesha diski za IDE, wakaziunganisha na zile za SATA chini ya maktaba moja iitwayo libata. Maktaba hiyo huziita diski zote kwa mtindo wa SCSI. Kwa hiyo diski iliyoitwa hda tangu inunuliwe iliamka siku moja ikiitwa sda, bila mtu kugusa waya wala bisibisi. Fedora 7, iliyotoka Mei 2007, ilikuwa miongoni mwa Linux za mwanzo kuhamia mtindo huo kwa watumiaji wake wote. Debian ilifika huko na toleo la 6.0 la Februari 2011, na katika maelezo ya toleo hilo watumiaji walishauriwa kuhamisha majina ya vifaa kwenda lebo au UUID kabla ya kuwasha upya.

Kompyuta ambazo daftari zake zilitaja LABEL au UUID zilivuka mabadiliko hayo salama. Zilizotaja /dev/hda zilikwama. Hili ndilo tendo la kihistoria lililomaliza ubishi. Tangu hapo programu za kusakinisha za Linux kubwa huandika UUID zenyewe bila kumuuliza mtumiaji. Majina nayo yameendelea kubadilika: diski za kisasa za NVMe huitwa nvme0n1 na fungu lake la kwanza nvme0n1p1. Mtu aliyejifunza hda mwaka 1999 ameshaona majina matatu ya kitu kile kile. Ni kama mkazi wa Cyanzarwe aliyeona anwani ya barua ikibadilika huku nyumba ikibaki pale pale.

Mwalimu na hatari ya jina lililosogea

Turudi kwa mwalimu. Nchini Rwanda, wanafunzi wengi wa shule za msingi walikutana na Linux bila kujua jina lake. Kuanzia mwaka 2008 serikali ilianza kusambaza kompyuta ndogo za XO chini ya mpango wa kompyuta moja kwa kila mtoto, na katika miaka iliyofuata zaidi ya 200,000 ziligawiwa. XO zilitumia Linux iliyojengwa juu ya Fedora. Aina yake ya kwanza haikuwa na diski ya kuzunguka, ilikuwa na kumbukumbu ya gigabaiti 1 iliyobandikwa moja kwa moja kwenye ubao wake, kwa hiyo swali la "diski ipi?" halikujitokeza. Katika maabara ya kawaida, yenye kompyuta za mitumba na diski zinazohamishwa kutoka hii kwenda ile, swali hilo hujitokeza kila wiki.

Tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya Cyanzarwe amerekodi mazungumzo ya wafanyabiashara wanaovuka mpaka kwenda Goma, ili wanafunzi wake walinganishe Kiswahili cha Kongo na Kiswahili sanifu. Somo hilo lina uzito, kwa kuwa Kiswahili kimekuwa lugha rasmi nchini Rwanda tangu 2017. Rekodi ziko katika diski ya nje inayoonekana kama sdb. Siku moja anataka kuisafisha diski-mweko ili amgawie mwenzake mazoezi. Kwenye karatasi yake ameandika kwamba diski-mweko ni sdc. Lakini leo ameichomeka kabla ya diski ya nje, kwa hiyo diski-mweko ndiyo sdb na rekodi ndizo sdc. Akitoa amri ya kuandaa sdc1 upya, hakuna atakayemuuliza mara ya pili. Sauti za watu, nyingine za wazee ambao huenda hawatarekodiwa tena, zimefutwa kwa kosa la herufi moja.

Mwalimu huyo angezipa diski zake lebo, REKODI kwa moja na MAZOEZI kwa nyingine, na kabla ya kutoa amri akaandika lsblk -f, angeona jina la kila fungu kando ya jina la kifaa. Amri hiyo haihitaji utaalamu wowote, ni kusoma tu.

Hapa tunaona pia mahali ambapo lugha inatuachilia njiani. Mradi wa Kilinux, uliofanywa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa ushirikiano na kampuni ya IT+46 ya Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice mwishoni mwa mwaka 2004, na mtumiaji akaweza kuandika barua kwa menyu za Kiswahili. Ilikuwa hatua kubwa. Lakini kiini cha Linux huandika ujumbe wake kwa Kiingereza, na ujumbe wa kushindwa kuupata mzizi hutokea kabla ya menyu yoyote kufunguka. Yaani mtumiaji hukosa lugha yake saa ile ile anapoihitaji zaidi. Lebo ni sehemu ndogo ya safari hiyo ya kuanza ambayo mtumiaji anaweza kuiandika kwa lugha yake. Tusiiache bure.

Kutunga lebo nzuri

Kazi ya kutunga lebo ni kazi ya istilahi, nasi walimu wa lugha tunaiweza. Kutokana na tuliyoyaeleza, tunapendekeza kanuni chache.

Kwanza, lebo iwe fupi. Mifumo ya faili ya ext hukubali herufi 16, XFS herufi 12, na FAT ya diski-mweko herufi 11 tu. MAZOEZI-KISWAHILI ina herufi 17 pamoja na kistari, kwa hiyo programu ya e2label itatoa onyo na kuikata iwe MAZOEZI-KISWAHIL, nayo daftari ikitafuta jina kamili haitalipata. Cyanzarwe ina herufi tisa, hivyo inaenea kokote.

Pili, herufi kubwa na ndogo ni tofauti. Kazi si KAZI. Ni vema idara ikubaliane juu ya mtindo mmoja.

Tatu, lebo itofautishe. Kuziita diski zote DATA ni kurudia kosa la mkwaju wa Red Hat. Afadhali jina la mahali pamoja na kazi yake, kwa mfano RUBAVU-KAZI, ili diski ya maabara moja isigongane na ya nyingine siku itakapopelekwa kwa fundi.

Nne, lebo isitegemee nafasi. DISKI-YA-PILI ni hdb iliyovaa nguo za Kiswahili.

Tano, mzizi uachiwe UUID kama programu ya kusakinisha ilivyouandika, isipokuwa kuna sababu ya kutosha ya kuubadilisha. Lebo tuitumie kwa diski tunazoshika kwa mikono na kuzitaja kwa mdomo. Tahadhari moja inahusu diski-mweko za kusakinishia. Fedora, kwa mfano, hutafuta mzizi wa diski-mweko yake ya majaribio kwa lebo, kwa kuwa picha moja hunakiliwa na maelfu ya watu. Anayeibadilisha lebo hiyo, au anayenakili mafaili tu kwenye FAT ambako lebo ndefu haienei, hushangaa kuona kompyuta inaanza kisha inakwama katikati. Aijue sababu: jina aliloambiwa mkalimani halipo tena mlangoni.

Hitimisho

Tumeona kwamba Linux ilianza kwa kuziita diski kwa mahali zilipochomekwa au kwa zamu ya kuonekana, ikajifunza kuziita kwa lebo zinazobebwa na mafungu yenyewe, kisha ikaongeza UUID pale majina yalipogongana. Hakuna jina moja lililoshinda mengine yote. Jina la nafasi hufaa kwa fundi anayetaka kujua waya ni upi. UUID hufaa kwa mashine, ambayo haichoki kusoma alama 32. Lebo hufaa kwa binadamu, kwa sababu ndiyo pekee kati ya hizo tatu ambayo mtu huichagua kwa maana.

Tunawaomba walimu na wanafunzi watakaosoma makala haya wafanye jambo moja kabla ya muhula kwisha: wazichukue diski zote zenye kazi za idara, wazipe lebo za Kiswahili zinazoeleweka, na waziandike lebo hizo hizo kwa kalamu juu ya kasha la kila diski. Atakayekuja kuzitumia baada yetu hatajua tulizichomeka wapi. Atasoma jina.